Kuteremka korongoni: tega kengele ya kugeuza

Ukipanga kushuka na baiskeli kwenye korongo lenye msitu, gawa muda wako sehemu tatu: moja ya kushuka, mbili za kurudi. Una saa tatu? Tega kengele ya simu ilie baada ya saa moja, na ikilia, geuza hapo hapo, hata kama maporomoko ya maji unayasikia kwa mbali. Mteremko hudanganya: unashuka umeshika breki tu, miguu imepumzika, kumbe kila kona utailipa ukirudi kwa gia ndogo au ukiisukuma baiskeli kando ya njia. Halafu korongoni giza huwahi. Juu bado jua linawaka, chini mizizi huioni.

Mimi kanuni hii nimeijua juzi nikishuka bondeni katika msitu wa Karura, Nairobi, nikatoka natota jasho huku naiwazia saa ya kufunga lango.

Kanuni hii haifai kwa njia ya mzunguko. Huko kugeuza huenda kukakurefushia safari. Mvua ikinyesha nayo hesabu huvurugika: udongo mwekundu hujaa kati ya tairi na foki (uma unaoshika gurudumu) hadi gurudumu ligome. Na wingu likiwa zito upande wa juu wa mto, usishuke kabisa.