Fuata njia ya mafuta kabla ya kushusha giaboksi otomatiki

Gari otomatiki likianza kuteleza au kuchelewa kushika rivasi, mara nyingi mwenye gari hapa Goma huambiwa giaboksi imekufa, atafute nyingine ya mtumba. Huenda ni kweli. Lakini klachi za ndani hubanwa na mafuta yenye presha, na presha ikipungua, hata giaboksi isiyo na kasoro itaonyesha dalili zilezile za giaboksi iliyoungua. Kwa hiyo anza na manometa (saa ya kupimia presha), spana za kushushia zingoje.

Mafuta yanapita wapi

Pampu huchota mafuta kwenye karteri (sinia la mafuta chini ya giaboksi) kupitia filta. Inazungushwa na shingo ya konvata, chombo chenye mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, na konvata imefungwa kwenye injini. Injini ikizimika, presha hakuna. Ndiyo sababu gari hili haliwaki kwa kusukumwa, na ndiyo sababu kulivuta kutoka Sake mpaka mjini, matairi yanayoendesha yakiwa chini, ni kulimaliza: gia zinazunguka ndani na hakuna mafuta yanayozifikia. Nyanyua upande unaoendesha. Kama ni la 4x4, lipandishe lote juu ya lori.

Kutoka kwenye pampu mafuta yanakutana na vali ya kurekebisha presha. Ni kipande cha chuma cha mviringo kinachoteleza ndani ya tundu lake, upande mmoja kikisukumwa na springi. Presha ikizidi, mafuta yanaishinda springi, mlango unafunguka na ziada inarudi kwenye mdomo wa pampu. Dereva akikanyaga pedali ya mwendo, kompyuta hutumia solenoidi ya presha, yaani vali inayoendeshwa na umeme (kwenye Toyota inaitwa SLT), kuisaidia springi, na presha kuu inapanda. Kwenye giaboksi za zamani kazi hiyo inafanywa na kebo iliyofungwa kwenye pedali. Kebo ikilegea presha inabaki chini, na klachi zinaungua ingawa mafuta yamejaa.

Presha hiyo ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Pistoni ya klachi yenye eneo la sentimita za mraba 100, ikipata presha ya bar 10, inabana kwa nguvu ya karibu tani moja. Kwa bar 4 ni kama kilo 400 tu. Zinatosha gari likiwa tambarare, lakini kwenye mlima wa Kadutu kule Bukavu na abiria saba ndani, klachi itateleza.

Presha kuu inafika kwenye vali ya mkono, ile inayosogezwa na lever ya dereva. Ukiweka D inafungua njia za kwenda mbele, ukiweka R njia ya nyuma. Baada yake zipo vali za kubadilisha gia, zinazosukumwa na solenoidi, na kila moja inaamua klachi ipi ipate mafuta na ipi iachie. Mafuta hayaingii klachi kwa ghafla: yanapita kwenye vitundu vidogo vya bati la kati, na njiani kuna akumuleta, yaani pistoni yenye springi inayopokea sehemu ya mafuta ili klachi ishike polepole. Springi ya akumuleta ikivunjika, gari litapiga teke kila gia inapoingia. Yanayobaki yanaenda kwenye konvata, yanapozwa ndani ya radiata, kisha yanarudi kulainisha gia na beringi.

Kupima presha

Tafuta bolti ndogo ya kupimia ubavuni mwa giaboksi. Funga manometa inayofika angalau bar 25, yenye mpira mrefu wa kutosha kuingia kwa dereva. Endesha gari kwanza mpaka mafuta yawe kati ya nyuzi 50 na 80. Weka vigingi kwenye matairi yote manne, vuta breki ya mkono, mguu wa kushoto ukanyage breki mpaka mwisho, na mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari.

Kwa familia ya Toyota U140 na U240, zilizomo kwenye RAV4 nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Ipsum za 2.4, tegemea takriban bar 4 kwenye D injini ikiwa ralanti (inawaka bila kukanyagwa), na bar 7 kwenye R. Ukikanyaga pedali ya mwendo mpaka mwisho, D ipande hadi bar 9 au 10, na R ifike karibu 18. Usizidishe sekunde 5. Baada ya hapo rudi N na uache injini ralanti walau dakika moja, la sivyo unachemsha mafuta ya konvata. Mizunguko ya injini ikiwa chini kidogo kuliko kitabu kinavyosema, usikimbilie kulaumu konvata: Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo inapungukiwa nguvu.

Presha ikiwa chini kwenye D na R zote, shaka inaangukia filta, pampu, vali ya kurekebisha au SLT. Ikiwa chini upande mmoja tu, mafuta yanavuja kwenye njia ya klachi ya upande huo. Sindano ikitetemeka bila kutulia, pampu inavuta hewa. Ikiwa presha ni nzuri kote na gari bado linateleza, hapo ndipo unaposhusha giaboksi.

Bila manometa bado unaweza kujifunza kitu. Toa N uweke D, uhesabu hadi gari lishike: isizidi sekunde 1.2. Kwa R isizidi 1.5. Halafu uliza swali ambalo mafundi wengi hawaulizi: tatizo linatokea asubuhi au gari likishapata moto? Likichelewa asubuhi kisha likapona, sili za mpira za pistoni zimekauka, joto linazilainisha. Likiwa zuri asubuhi na kuharibika likipata moto, matundu ya vali au pampu yamelika: mafuta ya moto ni mepesi na yanatorokea pembeni. Likitembea kilomita chache, likapoteza nguvu, likapumzika na kurudi uzima, shuku filta iliyoziba.

Karteri, ugonjwa wa barabara zetu

Mawe ya lava yanagonga karteri, nayo inabonyea kwenda juu. Watu wanaangalia kama inavuja, haivuji, wanaendelea. Lakini bati lililobonyea linakaribia mdomo wa filta na kuubana, na pia linapandisha usawa wa mafuta kwenye kijiti, kwa hiyo kijiti kinakudanganya kwamba yapo ya kutosha. Fungua, nyoosha bati juu ya mbao, weka filta na gasketi mpya. Angalia sumaku za ndani: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyokwaruza kidole ni gia au beringi. Uchafu mweusi mwingi ni bitana za klachi.

Ukishusha valvu bodi (kipande cha chuma kinachobeba vali hizo), piga picha kila hatua na upange bolti kwenye kadibodi kwa mpangilio wake, maana urefu wake haulingani. Fungua ukiwa juu ya beseni, kwa sababu vigololi vya chuma vinaanguka na kimoja kikikosekana gia moja haitaingia. Kila vali, ikiwa safi na yenye mafuta, inatakiwa iteleze kwa uzito wake ukiinamisha bodi. Inayokwama isuguliwe kwa msasa laini kabisa wenye mafuta, pembe zake zibaki kali. Usifute kwa kitambaa kinachoacha nyuzi.

Pima solenoidi kwa mita. Kwenye familia hii ya Toyota, zile zinazoitwa SL1, SL2 na SLT zisome omu 5.0 hadi 5.6, S4 na DSL omu 11 hadi 15, zikiwa baridi. Ukizijaribu zile za kwanza kwa betri, pitisha umeme kwenye balbu ya wati 21. Volti 12 za moja kwa moja zinaziunguza.

Mafuta yenyewe

Mekundu na safi ni mazuri. Meusi yenye harufu ya kuungua yanatangaza klachi zilizokwisha. Ya rangi ya maziwa yamechanganyika na maji, mara nyingi kutoka kwenye kipoza cha ndani ya radiata, na hapo kubadilisha mafuta hakutoshi: badilisha radiata kwanza, kwa sababu maji yanabandua bitana.

Kumwaga kwa bolti ya karteri kunatoa takriban lita 3 na nusu tu. Mengine yanabaki kwenye konvata. Rudisha kiasi ulichotoa, washa, pitisha lever taratibu P hadi L na kurudi, kisha soma kijiti injini ikiwa inawaka na mafuta yana nyuzi 70 hadi 80. Yakizidi, gia zinayapiga povu, na povu halina presha.

Giaboksi hizi zinatumia mafuta ya aina ya T-IV. Soma kilichoandikwa kwenye kijiti, usifuate jina la gari: RAV4 ya 2.4 ya soko la Japani baada ya 2005 na Noah ya ZRR70 zina CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua), na mafuta yake ni mengine kabisa. Ukimaliza, rudisha manometa upime tena kabla ya kumkabidhi mwenye gari funguo.