Suti ya mbizi: milimita za kwenye lebo ni za dukani

Neopreni ya suti ya mbizi ni mpira uliojaa vipovu vya gesi. Ukishuka mita 10, shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu, vipovu hunywea na suti hukonda. Joto hupungua, na nguvu ya kuelea nayo hupungua. Neopreni zote hazinywei sawa, ndiyo maana suti mbili zenye lebo ya unene wa milimita 3 hazifanyi kazi sawa chini. Jiulize kwanza unazama vipi.

Anayezama na mtungi wa hewa hukaa chini kwa muda mrefu, huku mikanda ya mtungi ikimsugua mabega. Achukue neopreni nzito isiyonywea upesi, yenye nailoni ndani na nje. Zipu ya mgongoni haina ubaya. Pwani ya Afrika Mashariki maji hufika nyuzi 28 hadi 30 mwezi Machi, na hushuka hadi 25 hivi wakati wa kusi, Agosti. Milimita 3 zinatosha kaskazi. Kwa mbizi tatu za siku moja kwenye kusi, 5 si anasa.

Anayezama kwa pumzi moja, bila mtungi, anahitaji kinyume chake: neopreni laini, vipande viwili, bila zipu, kofia ikiwa imeungana na koti, na ndani mpira mtupu usio na kitambaa. Hunata ngozini, maji hayapiti, na kifua hutanuka bila kubanwa. Milimita 1.5 hadi 3 zinatosha.

Mvuvi wa mkuki achukue suti hiyohiyo, ila nje iwe nailoni, magotini na viwikoni kuwe na viraka, na kifuani pedi ya kuegemeza kitako cha bunduki anapovuta mpira wa bunduki. Bila pedi, kifua huvilia damu. Rangi za mabaka zinasifiwa kupita kiasi. Samaki hukimbia mtikisiko kwanza. (Kenya, bunduki ya kuvulia samaki ni zana iliyopigwa marufuku.)

Unapojaribu, inua mikono, chuchumaa, vuta pumzi ya tumbo hadi mwisho. Mfuko wa hewa kiunoni, kwapani au katikati ya mapaja utajaa maji, na kila ukipiga pezi maji hayo yatabadilishana na ya nje. Shingo ikikubana hadi kumeza mate ni shida, iache: inaweza kubana mishipa ya damu ukazimia. Kwa mtumba, finya mpira kwa vidole viwili. Mpira usiporudi haraka ulivyokuwa, suti imekwisha.

Mpira mtupu hauvaliwi mkavu. Weka shampoo kidogo kwenye chupa ya maji ya nusu lita, tikisa, mimina ndani ya suti, usugue pande zote zishikane. Vuta kwa nyama ya vidole, kamwe si kwa kucha: hapo ndipo nyingi huchanika, siku ya kwanza kabisa. Ukichana, paka gundi ya neopreni pande zote mbili, ngoja ikauke kidogo, paka tena, kisha bana.

Suti mpya ikipatikana, pima upya chubwi (vizito) za mkandani, maana mpira mpya huelea zaidi. Kwa pumzi moja, simama wima majini, toa pumzi ya kawaida, tulia. Ukianza kuzama, punguza chubwi moja ujaribu tena.