Sungura Mgeni Malindi: Chakula na Makazi ya Wiki ya Kwanza

Kabla hujaondoka na sungura kwa aliyekuwa akimfuga, uliza anakula nini, saa ngapi, na kwa kipimo gani. Kisha omba ufungiwe chakula hichohicho cha siku kumi. Tumbo la sungura linaendeshwa na vijidudu vinavyovunja nyuzinyuzi za majani, navyo huzoea chakula kimoja. Ukikibadilisha ghafla vijidudu vinavurugika, gesi inajaa, na utumbo unaweza kusimama kabisa. Hapo ndipo sungura mgeni huponzwa, na mara nyingi kinachomponza ni ukarimu wa wenyeji: karoti nzima, kabichi na kipande cha hamri siku ileile aliyofika.

Msafirishe alfajiri au usiku. Sungura hatoi jasho. Joto humtoka kwa masikio na pumzi tu, kwa hiyo matatu iliyojaa saa saba mchana ni hatari ya kweli. Mweke kwenye katoni yenye matundu pande zote na nyasi kavu chini. Ukifika, iweke katoni ndani ya kizimba, ifungue, uondoke. Atatoka akitaka.

Mahali pa kumweka

Joto linalomfaa ni nyuzi 15 hadi 21. Malindi hatuna joto hilo, na wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mchana hupita 30. Basi kazi yako ni kupunguza madhara. Chagua chumba cha chini chenye kuta nene za mawe na madirisha mawili yanayopitisha upepo. Nje, banda la makuti lililo kivulini linavumilika. La mabati linamuoka. Mchana wa joto kali gandisha chupa ya maji ya lita moja na nusu, izungushie kitambaa, umlazie kando yake. Kipande cha kigae sakafuni husaidia pia, hata umeme ukikatika.

Kizimba cha sungura mmoja kisipungue sentimita 120 kwa 60, na hata hicho ni cha kulala tu: atoke akimbie angalau saa tatu kila siku. Sakafu isiwe ya waya mtupu, maana sungura hana nyama laini chini ya nyayo kama paka, na waya humtia vidonda visivyopona upesi. Tandika ubao au mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Atautafuna, na hakuna ubaya. Banda la nje lizungushiwe wavu wa matundu madogo, kwa sababu ya kenge, nguchiro na paka wa mtaani, na miguu yake isimame ndani ya mikebe ya maji yenye mafuta kidogo ili siafu wasipande. Mwekee pia sanduku la kujificha lenye milango miwili. Lenye mlango mmoja humfanya ajione amenaswa.

Siku mbili za kwanza usimbebe. Keti sakafuni karibu naye, ongea kwa sauti ya chini, mwache akunuse. Watoto wafanye hivyohivyo. Siku ya kumbeba ikifika, mkono mmoja upite chini ya kifua na mwingine ushikilie matako, umkumbatie kifuani. Kumnyanyua kwa masikio ni ukatili, na miguu ya nyuma ikining'inia anaweza kupiga teke la nguvu hadi akajivunja uti wa mgongo.

Chakula

Nyasi ndizo chakula; vingine vyote ni kitoweo. Ziwepo mbele yake usiku na mchana, bila kipimo, maana meno yake hayaachi kukua na nyasi ndizo zinazoyasaga. Nyasi kavu za boma Rhodes hupatikana kwa robota katika maduka ya dawa za mifugo. Nusa kabla ya kulipa: zikinuka uvundo au zikitoa vumbi jeupe zina ukungu. Unyevu wa pwani huziharibu upesi, hivyo ziinue juu ya mbao na uzihifadhi katika gunia la katani, si mfuko wa plastiki. Ukoka mbichi na nepia changa pia ni nzuri, zikikatwa mbali na barabara na mahali panapopigwa dawa. Zitandaze kivulini zikauke maji. Zikirundikwa hupata joto na kuchacha, na huko ni kumtafutia gesi.

Peleti, yaani chakula cha punje kilichoshindiliwa kiwandani, ni gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa sungura mzima. Pima mara moja kwa mizani ya dukani, kisha tia alama kwenye kikombe. Usifuate kipimo cha guniani. Hicho ni cha wanaonenepesha sungura wa nyama. Aliye chini ya miezi sita huongezewa peleti, na lusini, majani ya malisho yenye kalisi nyingi, humfaa kwa kuwa bado anajenga mifupa.

Chakula kipya kianze siku ya nne: robo kipya na robo tatu cha zamani, siku chache baadaye nusu kwa nusu, hadi kufikia siku ya kumi. Majani mabichi yaingie aina moja kwa wakati, kiasi cha konzi moja kwa kila kilo ya mwili akishazoea: matembele, majani ya mlonge, dania, mrehani. Sukuma wiki na mchicha mara mbili tatu kwa wiki, si zaidi. Embe au papai ni kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Kisamvu kibichi kina sumu. Majani ya mparachichi, ya nyanya na ya lantana vilevile. Ugali, mkate, maharagwe mabichi na machicha ya nazi havimhusu.

Maji yawe matamu. Visima vingi vya huku vina chumvi, na sungura akiyakataa maji huacha na kula. Bakuli zito la udongo huyaweka baridi. Yabadilishe asubuhi na jioni.

Dalili za kuangalia

Kila asubuhi angalia kinyesi: punje kavu za mviringo, kubwa na nyingi. Zikipungua au kuwa ndogo, ongeza nyasi na usimamishe peleti. Kile kinyesi laini chenye utando anachokila mwenyewe ni cha kawaida, humpa vitamini. Kikiganda matakoni, chakula kimezidi utamu. Kagua chini ya mkia mara mbili kwa siku, maana nzi wakitaga pachafu funza hutokea ndani ya siku moja.

Asipokula kwa saa 12, au akipumua mdomo wazi huku masikio yakiwa ya moto, usingoje kesho. Kwa joto, lowesha masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, ukiwa njiani kwa daktari wa mifugo. Usimpe amoksilini uliyobaki nayo nyumbani: ikipita mdomoni huua vijidudu vya tumbo, na sungura hufuata. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili nayo ni sumu kwake.