Bakteria wa salfa wa mapangoni: waoteshe kwa chupa mbili za tope la Mabogini

Ndani ya mapango ya Frasassi, Italia, jua haliingii, lakini majini kuna utando mweupe wa bakteria wanaoishi kwa haidrojeni salfaidi (au salfaidi tu, gesi inayonuka mayai viza) na oksijeni. Jamii yao imo pia kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, Moshi.

Chimba sentimeta kumi hivi, mpaka ufikie tope jeusi linalonuka mayai viza. Vaa gambuti na glavu, maana maji ya majaruba yanaweza kuwa na kichocho. Chota lita tatu za tope na lita moja ya maji ya hapohapo. Ya bomba huwa na klorini. Toa mawe, mizizi na majani.

Kata shingo za chupa mbili angavu za lita moja na nusu. Kwa kila chupa, chukua theluthi ya lita ya tope, changanya na kiini kibichi cha yai moja, ukurasa mmoja wa gazeti uliochanwachanwa na kijiko kikubwa cha jasi kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Gazeti ni chakula. Jasi na kiini vinaleta salfa. Mchanganyiko uwe kama uji mzito. Mimina kidogokidogo huku ukichokoa kwa kijiti: kila povu linalobaki lina oksijeni, nayo huwadhuru bakteria wa chini. Ongeza tope tupu theluthi mbili za lita, kisha maji sentimeta nne. Funika kwa nailoni na rababendi. Kifuniko cha kukaza kitazuia gesi kutoka.

Chupa ya pili izungushie foili yote. Ziweke dirishani penye mwanga, pasipopigwa na jua kali, na usizitikise.

Baada ya wiki moja au mbili tope huzidi weusi: salfaidi imekutana na chuma. Kuanzia wiki ya nne, chupa ya mwanga huanza kutoa madoa ya kijani chini na zambarau juu yake, kwa sababu bakteria wa kijani huvumilia salfaidi nyingi zaidi. Rangi hizo zisipotokea hadi wiki ya nane, mwanga ni hafifu. Maji yakichafuka na kunuka vibaya, umezidisha yai au gazeti, anza upya.

Chupa ya giza ndiyo pango lako. Fungua foili kwa dakika chache tu, ukague pale tope linapokutana na maji. Nyuzi nyeupe nyembamba zilizolala juu ya tope huenda ni Beggiatoa, bakteria wa salfa ambao mwanasayansi Sergei Winogradsky alionyesha mwaka 1887 kwamba hupata nguvu kwa kuunguza salfaidi. Manyoya meupe yanayoelea juu ya maji ni ukungu, yaopoe.

Funulia nailoni nje au penye upepo. Salfaidi ikizidi, pua huacha kuisikia, kwa hiyo harufu kupotea ghafla si dalili ya usalama.