Nishati ya kupikia shule ya bweni: pima kuni kwanza, katalogi baadaye

Mwezi uliopita nimemaliza kuisaidia shule moja ya sekondari ya bweni mkoani Singida kuachana na kuni. Ni ya tano kwangu. Tangu hapo walimu wa shule jirani wananipigia na swali lilelile: "Fundi, tununue gesi ya mitungi au tujenge biogesi ya samadi?" Nimechoka kulijibu kwa simu, mtandao wenyewe unakatakata, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Swali hili ni kubwa kuliko jiko. Nchi zetu zinapochagua teknolojia za kupunguza gesijoto, wataalamu hukaa mezani na mambo kumi ya kuchagua, fedha ya moja na nusu, na wauzaji wenye picha nzuri. Tofauti ni kwamba shuleni ukikosea unajua siku ileile, saa sita mchana, wanafunzi wakiwa kwenye foleni na sahani.

Kuunda kamati na kuandika muhtasari wa kikao sielezi, mnajua kuliko mimi. Ila mpishi mkuu awe mjumbe kamili. Msimwite mwishoni kuonyeshwa kilichonunuliwa.

Hatua ya 1: Jua kilichokatazwa

Serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia nishati safi ifikapo mwaka huo wa mwisho. Maana yake, jiko banifu, yaani lile linalotumia kuni kidogo, hata liwe zuri vipi, mlihesabu kama la mpito. Ulizeni halmashauri kwa barua, mjibiwe kwa barua.

Hatua ya 2: Pima kuni

Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu na nusura nipoteze mradi, kwa hiyo nivumilieni.

Shule yangu ya kwanza nilichukua takwimu kwa mhasibu. Kitabu kilisema malori manne ya Kenta kwa muhula. Nikakadiria uzito wa Kenta moja, nikagawa kwa siku, nikapata gesi inayohitajika. Bodi walipoona gharama ya mitungi, wakafunga faili. Baadaye ndipo nikagundua kwamba Kenta si kipimo. Moja ilikuja imejaa hadi mbao za pembeni, nyingine imepanda kichuguu. Kuni nyingine zilikuwa mbichi, nusu ya uzito ni maji. Na sehemu nzuri ya mzigo haikuwa inafika jikoni kabisa: nyumba za walimu, mlinzi na moto wake wa usiku, mahafali. Nilikuwa nimeihesabia shule gesi ya kijiji.

Fanyeni hivi. Azimeni mizani ya kuning'iniza ya kilo 100, ile wanayopimia magunia ya alizeti. Msinunue ya kidijitali ya bei kubwa. Moshi na masizi vitaiua kabla ya Ijumaa. Tengeni rundo moja la kuni, mlipime lote, mlifungie stoo, na jiko litumie hilo tu. Kila asubuhi kabla moto haujawashwa pimeni kilichobaki. Kikiongezwa kitu, kipimwe kwanza. Kinachokwenda kwa mwalimu kitoke rundo lingine.

Unyevu nao. Kipimo cha unyevu cha pini mbili kinatosha, ila pasueni gogo na mchome ndani. Ganda la nje hudanganya, jua limelikausha jana. Kuni zilizokauka vizuri hutoa takribani megajuli 16 za joto kwa kilo (megajuli ni kipimo cha nishati). Mbichi, yenye nusu maji, hutoa kama nusu ya hapo. Ukipima wakati wa mvua ukapanga kwa ajili ya kiangazi, au kinyume chake, hesabu yote imekwenda upande.

Hesabuni sahani, msihesabu rejesta. Rejesta ya kule ilisema 640, Ijumaa jioni nikahesabu sahani 571. Andikeni na chakula chenyewe: siku ya makande moto unawashwa alfajiri na hauzimwi, siku ya ugali na dagaa kuni zinapungua sana. Kwa hiyo siku saba kamili, Jumamosi na Jumapili zimo, ratiba nzima ya chakula izunguke.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mwongozo ulionieleza. Siku mbili za kwanza kuni zilitumika kidogo ajabu. Nikaenda jikoni nikakuta masufuria yamefunikwa, vinga vimevutwa nje maharage yakichemka taratibu. Nikamuuliza mpishi mkuu, "Mama, kila siku mnafunika hivi?" Akacheka. "Si mmekuja na mizani, baba. Tukapikaje ovyo mbele ya mizani?" Tangu siku hiyo nafuta siku mbili za mwanzo. Pimeni siku tisa, tumieni saba za mwisho, watu wameshaizoea mizani na wamerudi kupika wanavyopika. (Na muandike pembeni zile siku mbili zilionyesha nini. Kufunika sufuria ni teknolojia ya bure.)

Hatua ya 3: Geuzeni kuwa joto linaloingia kwenye sufuria

Daftari la mistari ya mraba na kikokotoo vinatosha. Tuseme mmepata kilo 400 kwa siku, kuni kavu, mafiga matatu.

Kilo 400 mara 16 ni megajuli 6,400. Mafiga huingiza kwenye sufuria kama asilimia 15 tu, nyingine inawapasha joto wapishi na paa. Joto lililopika chakula ni megajuli 960. Hiyo ndiyo namba yenu. Andikeni kubwa ukutani. Kila muuzaji akija, mwambieni aanzie hapo.

Gesi ya mitungi ina kama megajuli 46 kwa kilo, na jiko la gesi huingiza takribani nusu. Kilo moja inapika megajuli 23, mnahitaji kilo 42 hivi kwa siku, yaani mtungi wa kilo 38 na kipande. Jiko banifu lenye ufanisi wa asilimia 30 linataka kuni kilo 200. Umeme, kwa majiko yenye ufanisi wa asilimia 80, ni uniti 333 kwa siku. Mkizipikia kwa saa sita hizo ni kilowati 55, wakati transfoma nyingi za vijijini ni za kVA 50, yaani haziwezi kuzidi kilowati 50, na kijiji kizima kinaning'inia hapo. Nenda TANESCO kabla ya kwenda dukani.

Sasa biogesi, ambayo kila mfadhili anaipenda. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa kama lita 35 za gesi, na mita moja ya ujazo ya gesi hiyo inapika takribani megajuli 10.5. Kufikisha 960 mnahitaji mita 91, yaani samadi kilo 2,600 kila siku. Ng'ombe wa zizini utapata kwake kilo 10, basi ni ng'ombe 260. Wa Singida wanachungwa mchana kutwa, samadi ya mchana inabaki porini, kwa hiyo zidisheni mara mbili. Shule ilikuwa na ng'ombe 20 na ramani ya mtambo tayari mkononi. Kwa ng'ombe hao, hata wafungiwe, gesi ni asilimia 8 ya hitaji. Inachemsha chai ya walimu. Na samadi inachanganywa na maji sawa kwa sawa, ndoo kwa ndoo, mahali ambapo Oktoba maji yananunuliwa.

Biogesi siichukii. Mitambo ya kuba iliyojengwa vizuri, kama waliyoifundisha CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia za vijijini kilichoko Arusha, tangu miaka ya 1980, inadumu. Inafaa familia yenye ng'ombe wanne wa maziwa wa ndani. Vyoo vya bweni vinaongeza kidogo, lakini hesabuni kwanza mjue hicho kidogo ni ngapi.

Hatua ya 4: Chujeni kabla ya kutoa alama

Nilifundishwa kutumia jedwali: vigezo pembeni, uzito wa kila kigezo, alama, jumla. Ndilo linalotumika hata kwenye tathmini za kitaifa za mahitaji ya teknolojia. Mimi siliamini likitangulia. Nimeshaona kamati ikibadilisha uzito wa kigezo cha "ubunifu" mara tatu hadi kitu alichokitaka mwenyekiti kikashika namba moja. Anzeni na maswali ya ndiyo au hapana. Fundi wa kukitengeneza yuko umbali wa siku moja? Kipuri kinapatikana mkoani? Gharama ya kila mwezi imepata fungu, na fungu hilo lipo hata ada ikichelewa? Kisichopita kimoja, nje. Kwetu vilibaki viwili, na jedwali halikuhitajika.

Hatua ya 5: Jaribu la ugali

Msisaini kitu kabla wapishi wenu hawajasonga ugali wa sufuria kubwa kwenye jiko hilo, kwa mwiko wao. Wali na maharage hupikika kwenye chochote. Ugali wa watu 150 wapishi wawili wanausonga kwa uzito wa mwili mzima, na jiko la gesi lisilofungwa sakafuni linatembea. Tuliona moja likisogea hadi bomba la mpira likakaza. Tukazima, tukalirudisha kwa muuzaji. Majiko ya umeme ya presha ni mazuri ajabu kwa maharage na makande, na hapo ndipo kuni nyingi huteketea. Ugali uacheni kwenye gesi. Kuchanganya si aibu.

Hatua ya 6: Hewa ukaa

Fupi. Kuni za mfano wetu hutoa kilo 717 za hewa ukaa kwa siku, gesi kilo 122. Lakini msiandike kwamba mmeokoa 595. Kuni zinazokatwa mahali zinapoota tena hazihesabiwi zote. Inahesabiwa sehemu ya msitu usiorudi. Ikiwa sehemu hiyo ni nusu, kuni zenu ni kilo 358 na mmeokoa 236. Atakayewaletea mkataba wa kaboni, yaani wa kuuza hewa ukaa mliyookoa, akiwa ameiweka sehemu hiyo asilimia 90 bila kuuliza kuni zinatoka wapi, mwulizeni yeye.

Hatua ya 7: Mafiga ya zamani

Msiyabomoe wiki ya kwanza, gesi itachelewa angalau mara moja. Yaacheni muhula mmoja, kuni kidogo zifungiwe stoo, ufunguo kwa mwalimu wa zamu, na kila zinapotoka iandikwe tarehe, kilo na sababu. Kule Singida daftari hilo lilikuwa na mistari kumi na mmoja. Saba ilisema "mtungi umeisha". Tukaongeza mitungi miwili ya akiba, mistari ikakoma, na siku ya kufunga shule wapishi wenyewe wakayavunja mafiga kwa nyundo.