Kampa Kuukuu Juu ya Hilux: Pima Kabla ya Kufunga Kontena

Desemba ikifika, Moshi haina pa kulala. Watu wanashuka kutoka Dar, Mwanza na Nairobi, sisi wa mbali tunatua KIA na masanduku yetu, na nyumba ya mzee kule Marangu, iliyokuwa kubwa tulipokuwa wadogo, inalaza watu kumi na wanane. Mwaka niliolala kwenye kochi na mguu wa mpwa wangu usoni ndio mwaka nilioanza kuangalia kampa, zile nyumba ndogo za kupachika kwenye pikapu, ambazo Wamarekani wakizichoka huziuza kwa bei ya simu mpya. Ndani kuna kitanda, jiko, sinki na meza. Nikajisemea: naitia kwenye kontena, naiweka kwenye Hilux ya kaka, nalala kihambani, kwenye shamba letu la migomba, bila kumsumbua mtu, na baada ya mwaka mpya naenda nayo Karatu.

Mpango haukuwa mbaya. Kosa langu lilikuwa kununua kwanza na kushika futi baadaye. Kwa hiyo wewe uliyeko Minnesota au Alberta, unayepitia matangazo usiku huku ukiwaza nyumbani, soma hii kabla hujalipa.

Kampa ya kupachika haina magurudumu. Inasimama kwa jeki nne za pembeni, pikapu inaingia kinyumenyume chini yake, jeki zinashushwa taratibu, na kampa inakaa ndani ya bodi, pale pa kubebea mizigo. Sehemu ya kitanda inatokeza mbele juu ya paa la gari. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa pikapu kubwa za Kimarekani zenye bodi ya futi 8, yaani mita 2.44. Bodi ya Hilux ya milango minne ni kama mita 1.5. Hilux ya milango miwili ina karibu mita 2.3. Na upana nao una kesi yake: kati ya zile nundu za tairi zinazoingia ndani ya bodi, pikapu kubwa ina mita 1.2 na zaidi, Hilux ina pungufu ya hapo. Kitako cha kampa yangu, ile sehemu ya chini inayoingia kwenye bodi, kilikuwa na upana wa mita 1.2 kamili. Haikuingia, na isingeingia hata kwa maombi ya kanisa zima.

Ukiwa bado hujanunua, tafuta zile zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980 kwa ajili ya Toyota na Datsun ndogo. Zipo, ingawa zinataka subira. Kitako chake ni chembamba, uzito wake mara nyingi ni nusu ya zile kubwa, na karibu kila tatizo nitakalolieleza hapa chini linapungua au linaisha kabisa.

Kontena nalo lina mlango. Upana wa mlango ni mita 2.34. Kimo ni mita 2.28 kwa kontena la kawaida, na kama mita 2.58 kwa lile refu. Kampa ya futi 7 kwa upana ni mita 2.13, inapita. Ya futi 8 haipiti, hata mkiisukuma watu ishirini. Fungua jeki za pembeni, shusha kiyoyozi na vifuniko vya hewa vilivyoko juu ya paa, kisha pima tena pamoja na ubao wa magurudumu utakaotumia kuisukumia ndani. Wakala wako wa forodha, awe wa Dar au wa Mombasa kwa mzigo unaopitia Taveta na Holili, mtumie picha na vipimo kabla ya kusafirisha, akuambie itaandikwaje kwenye karatasi. Mimi nilimwandikia mzigo ukiwa tayari baharini.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mafundi wengi hawataliuliza, kwa sababu jicho haliwezi kuliona: uzito wa kampa unadondokea wapi.

Kila kampa ina kitovu chake cha uzito, mahali ambapo ukiweka bomba la chuma chini yake itakaa kama mbembea bila kuangukia mbele wala nyuma. Nyingi za Marekani zina alama ya mshale ubavuni kuonyesha mahali hapo. Kama yako haina, lilaze bomba hilo kwa upana, shusha jeki kidogo kidogo, sogeza bomba mpaka ianze kusita. Fanya hivyo na watu wawili wanaokaa mbali, na mtoto yeyote asikaribie. Kisha pima kutoka ukuta wa mbele wa kitako hadi kwenye kitovu hicho. Yangu ilikuwa sentimita 115. Halafu nenda kwenye gari, pima kutoka ukuta wa mbele wa bodi hadi usawa wa katikati ya tairi ya nyuma. Namba ya kampa isizidi namba ya gari. Ikizidi, uzito umeangukia nyuma ya ekseli, ule mhimili wa tairi za nyuma, na gari limegeuka kuwa mzani wa sokoni.

Kwenye Hilux ya kaka, ya milango minne, nilipata sentimita 50. Tofauti ni 65. Chukua kampa ya kilo 800, zidisha kwa mita 0.65, gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili, ambao kwa Hilux hii ni kama mita 3.1. Unapata kilo 168. Hizo ni kilo zinazonyanyuliwa kutoka kwenye tairi za mbele na kurundikwa nyuma, juu ya zile 800 zenyewe. Usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli, breki za mbele, ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa, zinakosa kushika, na taa zinamulika matawi ya mijakaranda badala ya barabara. Kaka alisema, "Mdogo wangu, hii tutafunga springi tu." Hapana. Springi inainua mkia wa gari ukaonekana sawa, lakini kilo 168 ziko palepale.

Tena chasisi ya pikapu ya milango minne ina mahali pake dhaifu, nyuma tu ya kabini ya abiria. Mzigo mrefu ukining'inia nyuma, na gari likipiga korongo, chasisi hukunjika pale. Mifuko ya hewa ya kuongeza kwenye springi inaweza kuharakisha hilo, maana inasukuma sehemu moja badala ya kugawa nguvu kwenye ncha mbili za springi.

Ndipo shemeji aliponiokoa. Ana Hilux ya milango miwili ya kubebea ndizi. Kuanzia ukuta wa bodi hadi katikati ya tairi: sentimita 120. Kitovu kikakaa mbele ya ekseli kidogo, panapotakiwa.

Kilichobaki kilikuwa upana, na hapo ndipo Arusha inapokupa raha. Mji huu umelea mafundi wanaokata Land Cruiser katikati, kuirefusha na kuiwekea paa la kuinuka kwa ajili ya watalii. Kwao kutengeneza jukwaa bapa ni kazi ya siku chache. Nilipeleka gari mtaa wa Unga Limited, bodi ikang'olewa, tukaweka jukwaa la chuma lenye ukuta mfupi mbele. Nundu za tairi zikatoka kwenye hesabu. Nafasi zilizobaki chini ya mabawa ya kampa, sehemu zinazotokeza pembeni, tukazifanya masanduku ya vifaa. Jambo moja la kusimamia: jukwaa linakaa juu ya tairi, kwa hiyo kampa inapanda, na kadiri inavyopanda ndivyo gari linavyoyumba kwenye kona. Mwambie fundi alishushe mpaka pale tairi inapobaki na nafasi ya kuchezea, asilipandishe kwa sababu tu inapendeza. Kati ya paa la gari na kitanda kinachotokeza mbele acha sentimita 5 hadi 8. Chasisi inajipinda barabarani, na paa likiguswa linabonyea.

Kampa isifungwe kwenye bati la bodi. Vishikizo vinne, viwili mbele na viwili nyuma, viende mpaka kwenye chasisi, na vyuma vya kukazia viwe vya kuzungusha, vyenye nati ya kufungia visilegee. Fundi wangu alitaka kuichomelea kampa moja kwa moja kwenye jukwaa, "imalize bosi, haitoki hata kwa tetemeko." Nilimkatalia. Shemeji anahitaji gari lake kubeba ndizi Januari.

Uzito wenyewe upigie hesabu kwa kalamu. Kibao cha mlangoni kwenye gari letu kilisema kilo 2,800 kila kitu kikiwa ndani. Gari tupu na tangi la mafuta likiwa limejaa lilipima 1,650. Zinabaki 1,150. Jukwaa lilikuwa zito kuliko bodi ya awali kwa kilo 70, zikabaki 1,080. Kampa ilikuwa na stika ya kilo 680. Mizani ilisema 790, kwa sababu wenye nayo wa awali walikuwa wanaongeza rafu na vitu vyao. Maji lita 75 ni kilo 75. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijaa unakaribia kilo 13 pamoja na chuma chake. Betri 28. Watu wawili 155. Vifaa na tairi ya akiba 60. Chakula na nguo 50. Jumla 1,171. Tumezidi kwa 91, na bado mama hajaleta mkungu wa ndizi.

Nikatoa kiyoyozi, nikatoa tanuri, na nikaamua tangi la maji litembee tupu. Marangu ina maji, sina sababu ya kuyapandisha mlima. Hapo zikapungua kilo 130.

Angalia pia namba ya mzigo iliyoko ubavuni mwa tairi. 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120. Ekseli ya nyuma ikibeba kilo 1,900, kila tairi ina 950, na tairi za 104 zimeshashindwa hata kama ni mpya.

Kuhusu ukuukuu: ndani ya bati la alumini kuna fremu ya mbao nyembamba, na miaka ya mvua inaiozesha kimyakimya. Bonyeza kwa dole gumba kwenye pembe zote, chini ya madirisha, na hasa chini ya kitanda cha mbele. Panapobonyea pameoza. Usiogope sana, mbao zinabadilishwa, ila ukifika nyumbani fundi seremala atakuletea mninga, na atakuangalia kwa huruma ukimwambia unataka paini. Shikilia paini iliyotiwa dawa ya mchwa. Mninga ni mzuri kwa kitanda cha nyumbani. Hapa kila kilo ina mwenyewe.

Umeme wa volti 12 hauna shida, taa na pampu zinafanya kazi kama kawaida. Soketi za Marekani ni za volti 120 na zetu ni 230, kwa hiyo usichomeke kampa kwenye umeme wa nyumba mpaka fundi awe ameubadilisha mfumo huo au ameukata kabisa. Mimi niliukata, nikaweka sola. Gesi: koki za mitungi ya kule hazifanani na zetu, badilisha regileta na mpira, kisha pima uvujaji kwa povu la sabuni.

Kadi ya gari iende TRA baada ya kubadilisha bodi, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi. Gari likibaki chini ya tani 3.5 huna haja ya kuingia mizani za barabarani, lakini kwenye hifadhi za taifa ada ya gari hupanda kwa madaraja ya uzito, na kampa inaweza kukusogeza daraja.

Safari ya kwanza fanya fupi. Sisi tulitoka Arusha kwenda Moshi, kilomita 80. Tulisimama Usa River kukaza vishikizo, tukasimama tena Boma la Ng'ombe, na mara zote mbili vilikuwa vimelegea. Karibu na njia ya KIA upepo wa uwanda unakupiga ubavuni; punguza mwendo kabla hujaombwa. Matuta yapite kwa gia ya kwanza. Kupanda Marangu tatizo si mlima, ni matawi.

Na ukifika kihambani, ubao mpana chini ya kila jeki. Udongo wetu ni laini, na mvua ikinyesha usiku jeki zinazama moja moja. Mimi niliamka saa tisa kichwa kikiwa chini ya miguu, kampa imeinamia migomba, na mama dirishani na tochi akiuliza kwa nini mtu mwenye kwao analala kwenye gari.