Somo: Kuchanja wazee na wahudumu katika makao ya wazee, kuanzia daftari hadi sindano

Ukiuliza katika makao ya wazee kwa nini chanjo hazijakamilika, utajibiwa haraka: watu wanakataa. Chukua daftari upitie jina kwa jina. Utakuta askari wa usiku ambaye wachanjaji wakifika huwa ameshatoka zamu, mpishi ambaye hakuna aliyemhesabu, na bibi aliyekuwa na homa siku ile na asirudiwe tena. Waliokataa kweli ni wachache kuliko wale ambao hawakufikiwa. Kwa hivyo somo hili linaanza na wasiofikiwa, wanaokataa tutawafikia baadaye. Makao yanayokusudiwa ni madogo, kama ya huku Malindi na Magarini, yenye wakazi ishirini au thelathini na muuguzi mmoja.

Kwanza, ni chanjo zipi?

Homa ya mafua: dozi moja kila mwaka, kwa wakazi na wafanyakazi wote. Nimonia, ile inayoitwa PCV kliniki: kwa wazee. Mkipata ya aina 20, yaani inayokinga aina 20 za vijidudu vya nimonia, dozi moja yatosha. Ikiwa ni ya aina 13 au 15, hufuatwa na ile ya aina 23 baada ya mwaka mmoja. Homa ya ini B: dozi tatu kwa mfanyakazi yeyote anayegusa damu, vidonda au sindano, leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Dozi ya tatu ndiyo husahaulika, basi iandikeni kwenye kalenda ya ukutani siku ileile ya dozi ya kwanza. Korona na pepopunda, ulizeni kituo chenu cha afya. Za mafua na nimonia kwa watu wazima kwa kawaida hununuliwa, hivyo bajeti ianze mapema.

Hatua ya 1: Daftari

Daftari la mistari lenye jalada gumu linatosha. Kila mtu apewe mstari wake: jina, mwaka wa kuzaliwa, chanjo, tarehe, namba ya bechi (kundi la chanjo, husomwa kwenye kichupa), mkono uliodungwa, na safu ya mwisho ambayo ndiyo roho ya kazi yote, yaani sababu ya kutochanjwa. Tumieni herufi nne tu. M: alikuwa mgonjwa. H: hakuwepo. K: amekataa. B: bado hajaulizwa. Mwisho wa mwezi hesabuni herufi. B na H zikiwa nyingi, kosa liko kwenye ratiba yenu, na hotuba ya kuwahimiza watu haitalisahihisha.

Mfanyakazi ni nani? Ni yeyote anayeingia chumba kimoja na mzee: mpishi, dobi, askari, kijana wa bodaboda anayewapeleka kliniki, mtu wa kujitolea wa Jumamosi. Makao mengi huwachanja wauguzi yakadhani yamemaliza, ilhali anayemlisha mzee uji mara tatu kwa siku akiwa amemwinamia usoni ni mhudumu wa kawaida.

Mzee naye huenda akaja bila karatasi hata moja. Huku Kilifi wapo wanaoletwa baada ya kufukuzwa na jamaa zao kwa tuhuma za uchawi, hawana kitambulisho wala kadi, na umri wao unakisiwa. Mhesabuni kama ambaye hajawahi kuchanjwa. Kwa mafua na nimonia, kurudia dozi ambayo huenda alishaipata ni hatari ndogo kuliko kumwacha wazi.

Hatua ya 2: Agizo la kudumu

Mwombeni daktari anayewahudumia aweke sahihi kwenye karatasi moja inayomruhusu muuguzi kumchanja kila mkazi anayestahili bila kungoja agizo la mtu mmoja mmoja. Karatasi itaje chanjo, dozi, nani asipewe, na la kufanya mwili ukikataa. Bila agizo hili mzee aliyeingia Mei hungoja hadi daktari aje tena, na daktari akija kuna jambo jingine la dharura. Mkazi mpya afunguliwe mstari wake siku anayoingia, na achanjwe ndani ya juma la kwanza akiwa hana homa kali.

Hatua ya 3: Wafanyakazi kwanza

Mwili wa mzee haujibu chanjo kwa nguvu kama wa kijana. Kwa hiyo sehemu ya kinga yake yapaswa kujengwa kwa walio karibu naye. Mfano tunao hapa Kilifi. Chanjo ya nimonia ya watoto ilianza Kenya mwaka 2011, na watafiti wa Kilifi waliofuatilia matokeo walikuta ugonjwa mkali unaotokana na aina zilizomo kwenye chanjo hiyo umepungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5, na ukapungua vilevile kwa watu wakubwa ambao hawakudungwa kitu. Kwa upande wa mafua, majaribio yaliyofanywa Glasgow, Uskoti, miaka ya 1990 yalionyesha vifo vichache vya wakazi katika vituo ambavyo wafanyakazi walipewa chanjo. Wataalamu wamebishana juu ya ukubwa wa faida hiyo, lakini mwelekeo wake hautupi sababu ya kuwaacha wafanyakazi nyuma.

Pangeni vipindi viwili siku moja: saa 12 asubuhi zamu zinapopokezana, na tena saa 12 jioni. Dakika hizo mtu azilipwe kama kazi. Ukimwambia mhudumu wa mshahara mdogo arudi siku yake ya mapumziko na nauli yake, umeshampa sababu ya kutokuja.

Hatua ya 4: Mazungumzo

Mkutano wa wote humpa nguvu anayepiga kelele. Zungumza na mmoja mmoja, na swali la kwanza liwe: "Ni nini hasa kinachokutia wasiwasi?" Kisha nyamaza hadi amalize.

Wasichana wengi bado wanakumbuka maneno yaliyoenea nchini mwaka 2014 kwamba chanjo ya pepopunda huleta ugumba. Usimcheke anayeyataja. Mwambie kwamba chanjo ya mafua hupendekezwa hata kwa wajawazito, na kinga yao humfikia mtoto tumboni. Anayesema "nilichanjwa nikapata mafua" mweleze kuwa chanjo ya sindano haina kirusi hai, kwa hiyo haiwezi kumpa ugonjwa. Mkono unaweza kuuma siku mbili na mwili ukachoka, na kinga huchukua kama wiki mbili kukamilika, kwa hiyo anaweza kuugua katikati.

Kwa mzee, anayemkaribia awe yule anayemlisha kila siku, si mgeni mwenye koti jeupe. Keti chini kidogo, macho yenu yawe sawa. Kama ni Mgiriama mwite Hawe au Tsawe kwanza, usalimie, ndipo umwonyeshe sindano. Aliyewahi kufukuzwa usiku na watu aliowaamini hawezi kumwachia mgeni mkono wake kwa dakika mbili. Mpe siku nzima ikibidi.

Hatua ya 5: Baridi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Chanjo zote tulizotaja, ukiacha baadhi ya za korona, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na watu wa Pwani wakiogopa joto huharibu kwa baridi. Chanjo ya homa ya ini, ya pepopunda na ya nimonia zikiganda zimekufa, na mara nyingi jicho haliwezi kutambua.

Kwenye kikasha cha kubebea, pakiti za barafu hazitoki kwenye friza zikatiwa moja kwa moja. Zipange mezani, ngoja, kisha inua moja uitikise karibu na sikio. Ukisikia maji yakicheza ndani na barafu ikigonga, iko tayari. Ikiwa kimya bado ni jiwe, na kichupa kitakachoigusa kitaganda. Panga pakiti pande nne, vichupa katikati, sifongo juu, na kifuniko kifunguliwe tu unapotoa dozi.

Jokofu la jikoni halifai. Likibidi kutumika kwa usiku mmoja, weka chanjo kwenye rafu ya katikati, mbali na mlango na mbali na sehemu ya friza, kipimajoto kando ya vichupa. Joto lisomwe asubuhi na jioni, Jumapili pia. Lililo bora ni kuomba kituo kiwatunzie, mkachukue siku ya kuchanja.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Dozi ya mafua ni 0.5 ml, ndani ya msuli wa bega. Homa ya ini kwa mtu mzima kwa kawaida ni 1 ml, lakini someni kichupa. Mafua na nimonia zaweza kutolewa siku moja, kila moja mkono wake. Mkono uliopooza au upande uliokatwa titi uepukwe. Paja la nje linafaa. Homa ya 38 au zaidi, ahirisha na uandike M pamoja na tarehe ya kumrudia. Mafua madogo ya pua si sababu.

Kila mtu akae dakika 15 akitazamwa, kwenye kiti chenye mgongo. Adrenalini ya 1:1000, dawa ya kumwokoa ambaye mwili wake umeikataa chanjo ghafla, iwe mkononi, si kabatini, tarehe yake imekaguliwa. Kwa mtu mzima ni 0.5 ml kwenye paja la nje, yaweza kurudiwa baada ya dakika 5. Sindano iliyotumika haifunikwi tena. Itupwe kwenye kisanduku cha usalama, nacho kifungwe kikifika robo tatu.

MASWALI YALIYOULIZWA

Muuguzi, Watamu: Nina babu anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nimwache?

Usimwache. Tumia sindano nyembamba, geji 23 au zaidi, kisha bonyeza pamba dakika 2 bila kusugua. Hakikisha kipimo chake cha damu hakijapanda kupita kiasi, na mtazame mkono kesho yake.

Msimamizi, Mambrui: Tukifikia Ramadhani, wahudumu wanasema sindano itawafunguza. Tuwaambie nini?

Wanazuoni wengi wamesema sindano isiyo ya lishe haiharibu saumu, lakini maneno hayo yatoke kwa imamu wao, si kwako. Mwalike wiki moja kabla. Anayebaki na shaka, mpangie kipindi baada ya futari. Wakiuliza kuhusu jelatini ya nguruwe, ile ya kupuliziwa puani ndiyo inayo, na hiyo haitolewi kwa wazee. Kwa ya sindano, somea watu karatasi iliyo ndani ya boksi.

Mhudumu, Gongoni: Bibi asubuhi amekubali, jioni ameukaza mkono. Ana tatizo la kusahau. Mwanawe aliweka sahihi.

Sahihi ya mwana haikupi ruhusa ya kumshika kwa nguvu, mwanangu. Acha, andika, jaribu kesho saa ileile aliyokubali, baada ya chai. Wazee wa namna hii mara nyingi huchanganyikiwa zaidi jioni. Akikataa siku tatu mfululizo, zungumzeni na daktari na familia pamoja.

Msimamizi, Malindi mjini: Naweza kumsimamisha kazi bila mshahara anayekataa?

Tafadhali usifanye hivyo, ndugu yangu. Atajificha, na wenzake watakuambia wamechanjwa mahali pengine. Linalolinda wazee zaidi ni kumlipa siku anazougua, maana anayekatwa mshahara huja kazini akikohoa. Asiyetaka chanjo avae barakoa akiwa na dalili, na umuulize tena baada ya miezi mitatu. Na daftari la afya zao lifungiwe kabatini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu hata daftari la mkono.

Muuguzi, Lamu: Sisi tunavusha chanjo kwa boti kutoka Mokowe. Vichupa vya homa ya ini viligusa barafu, nje vina umande. Vyafaa?

Umande pekee hauonyeshi vimeganda. Lakini kama kichupa kiligusa pakiti ngumu na huna kipimajoto cha safarini, visitumike. Viweke kando na alama, mpigie aliyewauzia. Kipimo cha kutikisa, yaani kutikisa kichupa ili kuona kama chanjo iliganda, huhitaji kichupa cha bechi ileile kilichogandishwa makusudi kwa kulinganisha, na kwa chanjo ya mafua hakifanyi kazi kabisa. Safari ijayo funga vichupa kwa karatasi nene na mfuko wa plastiki, kikasha kiwe kivulini chini ya kiti, na maji ya chumvi yasikifikie.